Mama Aliyekalia Kinywa cha Mashine

Mtaani kwetu watu walianza kusema kwamba Émilienne amevimba kichwa. Unampa salamu asubuhi, anakupita kama vile wewe ni mti. Unamwita kutoka ng'ambo ya barabara, hageuki. Jirani mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado tunachota maji kwenye bomba moja, aliniambia kwamba tangu Émilienne avae viatu vya kazi vya ngozi, salamu za watu wa kandambili hazimtoshi tena. Nilimwambia ajaze ndoo yake aende. Mimi ni Clotilde, mshonaji, ukuta wangu na wa Émilienne ni ukuta mmoja, na nilijua kilichokuwa kinampata. Masikio yake yalikuwa yanakufa. Na kilichoyaua hakikuwa siri: kilikuwa na mwenyewe, kilikuwa na fundi wa kukihudumia, na kiliwashwa kila asubuhi kwenye barabara ya Kamatanda mbele ya macho ya watu wote.

Basi habari yake nitaisimulia mimi. Atakayeona ninasimulia kwa hasira, ajue hajakosea.

Émilienne ni mtu wa Likasi, mji wetu wa madini huku Kongo, tangu kuzaliwa. Mume wake alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, Hadassa, na nyumba yenye mabati yanayovuja. Hakukaa kulia muda mrefu. Alitafuta nyundo, akaenda kuomba kazi kwenye depo ya Blaise, mmoja wa wale wafanyabiashara wanaonunua mawe ya shaba na kobalti kwa wachimbaji, wanayavunja, wanayapima, kisha wanayauza kwa wakubwa kuliko wao. Wakati huo mawe yalivunjwa kwa mkono. Akina mama walikaa chini kwa mstari, kila mmoja na nyundo yake, na ili mikono isilegee waliimba. Mwanzishaji wa wimbo alikuwa Émilienne. Waliutunga wao wenyewe, na haukuwa na adabu sana: "Jiwe, weye mugumu, minye mugumu kupita weye." Nyundo zote zilishuka pamoja kwenye neno la mwisho. Ukipita barabarani ulijikuta unatembea kwa mwendo ule ule hata kama hukutaka.

Kisha Blaise akaleta mashine ya kuvunja mawe, concasseur tunavyoiita. Sisemi ilikuwa kitu kibaya. Nyundo ilikuwa imewala akina mama vidole na mabega, na siku mashine ilipofungwa Émilienne mwenyewe alicheza. Ilikuwa ya injini ya dizeli, maana umeme wa bwawa la Mwadingusha huja unapotaka wenyewe. Juu ilikuwa na kinywa kipana cha chuma, na pembeni mwa kinywa kulikuwa na jukwaa la mbao ambapo mtu alisimama akiilisha mawe. Kwa kuwa Émilienne si mwoga, yeye ndiye aliyepewa jukwaa. Wimbo ulikoma siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeukataza, haukusikika tu.

Ubaya wenyewe ulikuja baadaye kidogo, na ulitoka kichwani mwa Blaise. Kwenye barabara ile depo ni nyingi. Wachimbaji, tunaowaita creuseurs, wanatoka machimbo ya Kamatanda wakisukuma baiskeli zilizolemewa na magunia, na mtu aliyesukuma mawe kwenye jua hana haja ya kusimama kila mlango akiuliza. Anasikiliza. Mashine inayonguruma maana yake depo inafanya kazi leo, mawe yako yatavunjwa, yatapimwa, utarudi nyumbani. Mashine iliyonyamaza maana yake mafuta yameisha au patron, mwenye depo, amejificha. Kwa hiyo Blaise alimwita fundi wake, Ricky, akamwamuru aondoe silencieux, ile chupa ya chuma inayofungwa kwenye bomba la moshi ili injini isipayuke. Ricky aliiondoa kwa furaha. Mngurumo ukafika hadi barabara kuu. Wiki iliyofuata depo jirani nayo ikaondoa ya kwake, na ya tatu nayo, ikawa kama majogoo wa nyua tofauti, kila mmoja anataka asikike yeye.

Na sisi watu wa Likasi, tuseme ukweli, tunapenda kelele. Injini ikipayuka tunasema ina nguvu. Kanisa lisilo na spika za kutetemesha mabati tunasema limepoa. Kwa hiyo Blaise alisifiwa kwa ujanja wake, na aliyesimama juu ya jukwaa, kichwa chake kati ya bomba lile na mawe yanayogonga chuma kitupu, hakuulizwa na mtu.

Kwanza alisikia nyenje. Jioni, akishakula, alisikia nyenje wamejaa nyumbani, akachukua ufagio akawafukuza kila kona, nyuma ya kabati, chini ya kitanda. Hadassa alimtazama tu. Hapakuwa na nyenje. Baadaye simu ikaanza kulia mezani mbele yake bila yeye kujua. Mafuta yakawa yanaungua kwenye sufuria kwa sababu hakusikia yanavyotoa sauti. Vitu vyenye sauti nyembamba ndivyo vilivyoondoka mapema: ndege, vijiko, watoto wadogo, na mwisho sauti ya Hadassa, ambayo ni nyembamba tangu utotoni.

Kanisani alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya. Ni mimi niliyeshona sare ya kwaya ile, gauni jekundu lenye kola nyeupe, na la Émilienne nililishona kwa uangalifu kuliko yote, kwa kuwa alisimama mbele. Siku moja alianza wimbo juu mno. Jumapili iliyofuata alichelewa, sisi wanakwaya wenzake tumeshamaliza ubeti yeye bado yuko katikati, anaimba peke yake kwa moyo wake wote. Watoto walicheka. Ndugu Élie, kiongozi wa kwaya, alikunja uso, na baada ya ibada aliitisha maombi.

Walimsimamisha mbele. Walimsimamisha, Mungu anisamehe, ubavuni mwa spika. Ndugu Élie aliweka mikono kwenye masikio yake na kupaza sauti kwenye maikrofoni.

"Mama, hii ni pepo ya kufunga masikio. Leo inatoka."

Émilienne alikuwa anamtazama midomo. Alimwacha aombe mpaka amalize, kisha akaichukua maikrofoni mkononi mwake, taratibu, kama mtu anayempokea mtoto mzigo.

"Frère Élie, hii haiko pepo. Hii ni concasseur ya Patron Blaise. Kama munataka kuombea kintu, muende muombee injini. Minye niko muzima."

Ndugu Élie alisema kwamba mama yetu apumzike kwanza pembeni mwa kwaya mpaka Bwana atakapomfungua. Émilienne akaenda kukaa benchi la nyuma, lakini gauni jekundu hakulirudisha, na mimi nilifurahi.

Nilimpeleka mwenyewe kwenye zahanati. Muuguzi wa pale, Sylvie, alisimama nyuma yake akatamka maneno, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya kuitia mtu. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, nauona uso wa Émilienne unangojea maneno ambayo yalikuwa yameshapita. Nilitaka kumjibia. Sylvie alizunguka akakaa ana kwa ana naye, akasema polepole.

"Mama, masikio ile ilikufaka haitarudia. Sitakudanganya. Ile inabakia, unaweza kuichunga. Lakini ile mashini barudishe silencieux yake, batie mupira mu fasi mawe inapiga, na bantu babadilishane. Muntu moya asisimame pale siku muzima. Na hizi, mutie mu masikio yote mbili."

Alimpa vizibo laini vya masikio, kiasi alichokuwa nacho. Émilienne akavipeleka depo, na hapo wanawake wenzake wakafanya akili yao. Kwa kuwa vilikuwa vichache, waligawana jozi moja watu wawili, kila mmoja akaziba sikio moja. Tena waliona ni vizuri hivyo: sikio moja linalala, lingine linabaki zamu, ili mwenzako akibanwa mkono umsikie akilia. Josée, rafiki mkubwa wa Émilienne pale depo, alinieleza mpango huo kwa majivuno kabisa. Sylvie aliposikia alishika kichwa. Sikio lililobaki zamu lilikuwa linaendelea kuliwa na kelele ile ile.

Émilienne akamwendea Blaise. Alimwomba silencieux, mpira, na zamu. Blaise si mtu wa matusi; ni mtu wa kutabasamu, na mimi mtu wa kutabasamu namwogopa zaidi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea mkono begani.

"Mama, weye ulitumika vizuri. Masikio ilichoka, pumzika. Na usiogope, fasi yako haitatoka mu famille. Hadassa akuye lundi, apande pale."

Kwa mtu asiyetujua, hayo yanaweza kuonekana ukatili mtupu. Kwetu yalikuwa heshima. Tangu enzi za makampuni makubwa, nafasi ya kazi huku imekuwa kama nyumba: mzazi akitoka, mtoto anaingia. Watu huiomba hiyo nafasi kwa magoti. Blaise aliamini anatoa zawadi, na Hadassa aliipokea kama zawadi. Alikuwa na diploma yake ya sekondari kwenye fremu ukutani na hana kazi; alikuwa anasuka nywele za majirani na kungojea. Jioni ile niliisikia furaha yake kupitia ukuta wetu. Kisha nikasikia inavyokatika.

Sikuhitaji kutega sikio. Émilienne siku hizo alisema kila kitu kwa kelele bila kujua.

"Hautapanda pale."

"Mama, nakaa tu. Barafiki yangu bote iko na kazi."

"Utafute ingine."

"Ingine iko wapi? Unionyeshe, minye nitaenda leo."

Émilienne akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka hata nikakaribia ukuta.

"Minye niliweka masikio yangu pale ili weye usome. Nilijua naweka. Hautaweka yako ili Blaise anunue motokari."

"Masikio ni yangu," Hadassa akasema.

Binti ni wa mama yake, kichwa kile kile. Walilala bila kuagana.

Jumatatu alfajiri, ile lundi ya Blaise, nilimkuta Émilienne uani anafunga kikapu. Ndani nilimwona anatia nyundo yake ya zamani, ile ya kabla ya mashine, na juu ya nyundo gauni jekundu la kwaya, limekunjwa vizuri. Nilisimama mbele yake ili anione.

"Unaenda wapi, Mama Hadassa?"

"Kazi."

"Kazi gani? Si Blaise alikuambia upumzike?"

"Njo maana naenda mbele Hadassa afike."

Nilifunga mlango wangu. Wateja walikuwa wanangojea nguo, lakini sikuweza kumwacha aende peke yake kwa watu wale. Njia nzima alitembea mbele yangu na mimi nikimkimbilia, mtu mnene kama mimi.

Depo ilikuwa bado kimya. Émilienne alipanda jukwaa, akachukua ubao mpana, akaulaza juu ya kinywa cha mashine, akakaa juu yake na kikapu mapajani. Wanawake walipoingia walisimama mmoja mmoja wakimtazama. Ricky akaja na mkono wa kuwashia injini, akamwona, akauweka chini. Mwisho aliingia Blaise, na nyuma yake Hadassa, amevaa glavu mpya ambazo Blaise alikuwa amempa. Aliponiona aliangalia pembeni.

"Mama, shuka," Blaise alisema, bado anatabasamu.

"Silencieux iko wapi?"

Blaise alimgeukia Ricky. Ricky akakuna shingo. Ikabidi aseme mbele ya watu wote kwamba silencieux ilikatwa katikati, ikawa mbabula, jiko la makaa, na kwamba mama mkwe wake anapikia juu yake mpaka leo. Wanawake walicheka mpaka Josée akakaa chini. Hata mimi, pamoja na hofu yangu, nilicheka. Blaise hakucheka.

"Tuseme narudisha ile kintu," alisema. "Mashini inanyamaza. Bacreuseurs bataniona namna gani? Batapita, bataenda kwa jirani. Na bamama bote hapa batakula nini?"

Hilo lilikuwa neno zito, na kila mwanamke pale alilipima. Émilienne alikuwa amesoma midomo nusu, nusu nyingine alikuwa anaijua. Aligeuka akatazama barabara, ambako wachimbaji wa kwanza walikuwa wanaonekana na baiskeli zao. Blaise akamwambia Hadassa apande azungumze na mama yake.

Hadassa alipanda. Akasimama nyuma ya mama yake, karibu kiasi cha kumgusa.

"Mama."

Émilienne alikuwa anatazama barabara.

"Mama, shuka. Tafazali."

Uwanja ulikuwa umetulia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi watu wale kusimama pale na mashine imezimwa na hakuna anayesema. Nilisikia njiwa juu ya bati. Nilisikia mnyororo wa baiskeli barabarani. Hadassa akaita tena, kwa nguvu zaidi, kisha mara nyingine kwa sauti iliyopasuka, na sisi sote chini tukamsikia vizuri, mimi, Ricky, Blaise, wanawake wote. Aliyekuwa anaitwa alivuta shuka lake begani kwa ajili ya upepo. Nililia. Sioni aibu kusema.

Hadassa alivua glavu. Alizilaza pembezoni mwa jukwaa, moja juu ya nyingine, akakaa kwenye ubao kando ya mama yake. Ubao ulipotikisika ndipo Émilienne alipogeuka. Aliuona uso wa binti yake, kisha akaziona glavu.

"Nilikuita," Hadassa alisema, sasa macho kwa macho.

"Sikusikia."

"Niliona, mama."

Josée alikwenda ghalani akarudi na nyundo za zamani mikononi, akazigawa. Wanawake walikaa chini mahali pao pa kale na kuanza kugonga mawe kwa mkono, na wimbo ule usio na adabu ukatoka kinywani mwa Émilienne juu ya mashine, umekwenda upande kabisa, na wenzake wakaufuata huko huko upande. Jiwe, weye mugumu. Blaise aliwaambia wote kwamba hawana kazi. Waliendelea. Alituma watu waite wanawake wengine, wakaja wachache. Wawili walikuwa binamu za Josée, na hao wengine walipoona hali ilivyo walisema wameacha chungu motoni. Wakati huo wote baiskeli zilipita langoni bila kusimama, zikaelekea mngurumo wa depo jirani. Blaise alizifuata kwa macho, moja baada ya nyingine.

Ndipo Émilienne alipofungua kikapu.

"Patron, unaogopa hawatakuona. Basi bakuone."

Alikunjua gauni langu jekundu. Nasema langu kwa sababu kila mshono ule ulipita kwenye vidole vyangu, na moyo wangu uliruka. Alimtupia Ricky.

"Ufunge hii ku muti murefu. Siku mashini inatumika, inapanda juu. Siku haitumike, inashuka. Muntu ataiona tangu kule kwenye kilima, kabla ya kusikia kintu yoyote."

Blaise alisema huo ni upuuzi. Alisema hivyo siku ile na siku iliyofuata, na siku zote mbili Émilienne na Hadassa walikalia ubao ule na wanawake waligonga mawe kwa mkono. Alichogonga mwanamke mmoja kutwa nzima mashine ingekitafuna kabla ya chai. Blaise alikuwa anajua hivyo, na wao walijua kwamba anajua. Mwishowe alikuja na silencieux iliyotolewa kwenye lori bovu, amekunja shati, hasemi na mtu. Ricky aliifunga. Kisha akakata matairi ya zamani na kuyakaza kwa bolti kwenye kinywa na kwenye mfereji wa kushukia mawe. Blaise alinunua vizibo vya kutosha na vifuniko vya masikio kwa anayepanda jukwaani, na mtu akawa halishi mashine muda mrefu kabla mwenzake hajampokea. Msidhani ilikuwa huruma. Yalikuwa magunia yaliyopita langoni.

Gauni lilipandishwa kwenye mti wa mkaratusi. Upepo ulipolijaza mikono ilinyooka, ikawa kama mtu anayeita watu kutoka juu ya nyumba. Asubuhi nzima hakuna aliyekuja. Blaise alitutazama kwa jicho la ushindi. Kisha mchimbaji mmoja, Éphraïm, akaingiza baiskeli yake kwa uangalifu na kuvua kofia.

"Nani alikufa hapa?" aliuliza.

Walimweleza. Akashusha gunia kwa mashaka, mawe yakavunjwa, akasogea kwenye mizani. Na hapo likatokea jambo ambalo hata Émilienne hakulifikiria. Kwenye depo zingine, mbele ya mizani, mchimbaji na mpimaji wanapigiana kelele bila kuelewana, na mchimbaji huondoka akihisi ameibiwa lakini hana jinsi ya kubishana na injini. Hapa Éphraïm alibisha. Alibisha kwa raha zake, alisikilizwa, akajibiwa, akabisha tena. Alipoondoka alikuwa ameridhika, si kwa sababu alishinda, bali kwa sababu alisema.

"Hapa tunasikilizana ku kilo," aliwaambia wenzake huko Kamatanda, na ilitosha. Sasa wachimbaji wanaiita depo ile kwa Robe Rouge, Gauni Jekundu. Blaise anawaambia wageni kwamba wazo la bendera lilikuwa la kwake. Namwacha aseme, siku moja nitamjibu mbele ya mke wake.

Depo zingine bado zinapayuka. Sitaki mtu adhani barabara nzima ya Kamatanda imetulia. Lakini kwenye ile moja wanawake wanazungumza wakiwa kazini, na Josée, ambaye hajawahi kunyamaza maishani, amelipa deni la maneno ya miaka yote.

Ndugu Élie alikuja nyumbani kudai gauni. Alisema ni mali ya kwaya, na kwamba si heshima vazi la sifa kupeperuka juu ya mawe. Émilienne alimtazama midomo mpaka amalize.

"Iko kule juu," alimwambia. "Panda, uishushe."

Hakupanda. Jumapili iliyofuata Émilienne aliingia kanisani amevaa kitenge chake cha bluu, akapita benchi la nyuma bila kuliangalia, akaja kusimama katikati yetu kwenye kwaya, upande wa mbali na spika. Aliweka kiganja mgongoni kwangu apate mapigo. Ndugu Élie alifungua mdomo, akatuona sote tunavyomtazama, akaufunga.

Masikio ya Émilienne hayakurudi, na hayatarudi. Hadassa anafanya kazi depo ile, ndiyo. Anakaa kwenye mizani, na zamu yake ya jukwaani ikifika anapanda kama wenzake, masikio yote mawili yamezibwa na kufunikwa, na mama yake anasimama chini akimtazama kama polisi. Jioni wanakaa uani upande wa pili wa ukuta wangu, na kila jioni Émilienne humkagua.

"Unasikia nini?"

Hadassa hutaja, uso kwa uso, polepole. Mutoto wa jirani analia. Mafuta iko mu sufuria. Simu ya Mama Clotilde. Ndege. Kuna ndege moja, mama, mudogo, iko juu ya bati. Émilienne hutikisa kichwa kukubali kila kitu kinapotajwa, kama mtu anayehesabu kuku wake wanaporudi bandani.

Jana alimuuliza tena, na Hadassa akamsogelea.

"Nasikia weye, mama. Ulikuwa unaimba wakati wa kupika. Unaimba mubaya sana siku hizi."

"Najua," Émilienne alisema. "Nitaimba tu."

Na akaanza, juu mno, hata mimi nikaacha cherehani.